Klachi Iliyopakwa Mafuta

Kila siku asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kasiana alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine aifanye: kubonyeza swichi ya klachi ya trekta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, anasoma darasa la sita, na kwa maoni yake mwenyewe hakukuwa na mtoto mwingine Mshangano yote mwenye kazi ya maana kama hiyo. Wenzake walifagia uwanja na kuosha vyombo. Yeye aliyaamuru maji yapande mlima.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la bustani, la rangi ya njano iliyokwisha kupauka. Lilitengenezwa Ulaya kabla mama yake hajazaliwa, likaja Songea ndani ya kontena la wamisionari, likakata nyasi miaka mingi, na lilipoonekana limechoka mama yake, Leticia, akalinunua. Sasa lilikuwa limeegeshwa bondeni kando ya kijito, na kazi yake ilikuwa kuzungusha pampu. Watoto wa jirani waliliita Kobe. Kasiana hakulipenda jina hilo, lakini angefanyaje, mwendo wake ulikuwa huo huo.

Mbele ya injini kulikuwa na puli iliyofungwa klachi ya umeme. Injini ikiunguruma peke yake, puli hutulia. Ukibonyeza swichi, umeme wa betri huingia kwenye koili, yaani waya uliosokotwa, koili hugeuka sumaku, na sumaku huvuta sahani moja ya chuma ikashikane na nyingine. Hapo unasikia "tak", puli inaanza kuzunguka, mkanda unazungusha pampu, na baada ya muda si mrefu maji yanatoka kule juu kwenye kitalu. Hayo yote alielezwa na mjomba wake Sixbert, mdogo wake mama. Mjomba hakusomea ufundi mahali popote, ila alilizoea Kobe na kelele zake zote.

Kitalu kilikuwa cha mama. Kilikuwa na matuta manane ya viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, na ndani ya viriba hivyo miche elfu nne ya parachichi iliyobebeshwa, yaani kuunganishwa na vikonyo vya parachichi bora, miezi michache tu iliyopita. Baba alikuwa akifanya kazi Tunduru na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama na mjomba ndio waliojaza udongo, wakapanga viriba na kufunga chandarua cha kivuli. Wakulima wa Madaba walikuwa wameiagiza miche yote, nao wangekuja kuichukua mvua zikianza. Ilikuwa miche ya kwanza ya mama, na watu wengi walikwisha kumwambia kwamba hataweza. Akishindwa na hiyo, hakuna mkulima ambaye angemwagiza tena.

Mwezi ulikuwa Novemba. Joto lilikuwa limekaza, na kila alasiri mawingu yalikusanyika juu ya milima ya Matogoro, yakawatia watu tamaa, kisha yakatawanyika bila kuacha tone. Watu walitembea huku wakitazama juu. Hata mbuzi hawakutulia. Siku mbili bila maji, mama alikuwa akisema, miche hii inakunja majani, na siku ya tatu hujui utaamka na nini.

Jumapili moja ya mwezi huo, parokia yao hubariki mbegu na zana kabla ya mvua. Watu hupeleka mahindi ya mbegu kwenye vikapu, majembe, mapanga, hata baiskeli. Nyumbani kwa akina Kasiana kulikuwa na desturi ya kulipaka mafuta kila jembe linalokwenda kubarikiwa, ili ling'ae na padre asidhani wametoka nalo shambani sasa hivi. Mwaka huo mama alitaka Kobe naye aende. Jumamosi alimkabidhi Kasiana ndoo, sabuni, kopo la oili na mswaki wa zamani, akamwambia alisafishe trekta mpaka lipendeze.

Kasiana alifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliosha boneti, akapaka oili minyororo, vyuma vya usukani, bawaba na kila kilichong'aa na kisichong'aa. Alikuwa amefundishwa na mama tangu akiwa mdogo, kwenye cherehani na kwenye baiskeli, kwamba kitu kinachozunguka kinataka mafuta. Basi alipofika mbele na kuiona ile klachi ikiwa kavu, imejaa vumbi jekundu, aliionea huruma. Kati ya sahani zake mbili kulikuwa na mwanya mwembamba ambao hata ukucha haupiti vizuri. Nywele za mswaki zilipita. Alichovya mswaki kwenye oili, akausukuma humo ndani, akazungusha puli kwa mkono, akachovya tena, mpaka akaridhika.

Jumapili Kobe lilipendeza kweli. Mjomba Sixbert aliufungua mkanda wa pampu, akaliendesha taratibu hadi kanisani akiwa amevaa shati la mikono mirefu, na baada ya baraka watoto walimzunguka. Mjomba alikuwa mtu wa kupenda kuonekana kidogo. Aliwasha injini na kuibonyeza swichi ya klachi mara kadhaa, tak, tak, ili watoto waone puli ikizunguka yenyewe. Walipiga makofi. Kasiana alisimama pembeni akijidai kama vile trekta amelizaa yeye.

Jumatatu asubuhi alibonyeza swichi kama kawaida. Tak. Puli ilizunguka, pampu ikakoroma, maji yakapanda hadi katikati ya bomba, kisha yakarudi. Puli ilikuwa ikizembea. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote lakini puli iligeuka polepole, halafu ikasimama, na harufu ya mafuta yanayoungua ikaanza kupanda. Kasiana alizima haraka. Alipochungulia chini ya boneti aliona matone meusi ya oili yamerukia kwenye bati, yamepangana mviringo kuizunguka klachi. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshika pindo la kanga yake na kuyafuta.

Mjomba alikuja, akaangalia fyuzi, ikawa nzima. Akafungua waya mmoja baada ya mwingine, akasugua vichwa vya betri, akaangalia ile swichi iliyo chini ya kiti ambayo hukata umeme dereva akishuka. Kila kitu kilikuwa sawa. Alisema klachi inavuta lakini inateleza, na kwamba huenda koili imechoka kwa uzee, haina nguvu tena ya kuvuta. Kisha akamtazama Kasiana, akatabasamu, akasema trekta lote limepakwa kama bwana harusi.

"Na huku mbele kwenye klachi, ulipaka pia?" aliuliza.

"Hapana, mjomba," Kasiana alijibu. "Niliishia kwenye boneti."

Lilikuwa jibu fupi na lilitoka lenyewe, bila kusukumwa. Mjomba alimwamini, akarudi kwenye betri yake. Kasiana akaenda shule, na siku nzima hakusikia hata neno moja alilofundishwa.

Kuanzia jioni hiyo walibeba maji kwa ndoo. Kutoka kijitoni hadi kitaluni palikuwa na mwinuko, na ndoo moja ilitosha viriba thelathini tu. Mama alikwenda na kurudi, mjomba akaenda na kurudi, Kasiana naye akaenda na kurudi mpaka shingo ikakataa. Giza lilipoingia walikuwa wamenywesha matuta matatu. Jumanne mjomba aliazima betri mpya kwa jirani, akaifunga kwa matumaini makubwa. Klachi ililia tak kwa nguvu zaidi, ikateleza vilevile.

Jumanne hiyo mama alifanya uamuzi uliomuuma. Alisema hawawezi kubeba maji ya matuta manane, wakijaribu watapoteza yote. Watachagua sita. Matuta mawili ya mwisho, yaliyokuwa ya Mzee Joachim wa Madaba, wangeyaacha kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza nyuma ya wenzake. Mama alisema hivyo akiwa amewapa mgongo, akiyatazama matuta hayo. Kasiana aliona mabega yake yakishuka, akajisikia vibaya kiasi kwamba alitamani aumwe, alazwe, aokolewe na jambo lolote.

Lakini mtu aliyekwisha sema uongo hutafuta njia ya mkato. Kasiana alikumbuka kuwa mafuta yakimwagika jikoni, mama huyamwagia majivu ili yafyonzwe. Wakubwa walipopanda juu na ndoo zao, alichota majivu kwenye kopo, akashuka hadi kwa Kobe, akayapuliza na kuyasukuma kwenye ule mwanya kwa kijiti. Alifanya haraka, masikio yakiwa njiani. Ukimsogelea wakati ule ungedhani ni mwizi.

Jumatano asubuhi mjomba alipojaribu tena, klachi haikuteleza tu, ililia. Ilitoa mlio mkali wa kukwaruza uliowafanya ndege waruke kutoka mianzini. Mjomba alizima injini na kukaa chini. Alisema sasa hata beringi imekufa, yeye hana tena la kufanya. Klachi itafunguliwa yote na kupelekwa Mbeya, kwa fundi anayesuka koili na kubadilisha beringi. Alikuwa akimfahamu Gaudensi, dereva wa lori la fuso ambaye angepita Mshangano kesho yake saa tano asubuhi kwenda huko. Kurudi kwake ingechukua wiki nzima, pengine zaidi.

Uchovu wa siku tatu ulimtoka mama wote kwa mara moja, na ukamwangukia mdogo wake. Alimuuliza ilikuwaje achezee klachi mbele ya kanisa ili kufurahisha watoto. Alimwambia kwamba ndiye aliyeiunguza, na kwamba ikipona asiliguse tena lile trekta.

Kasiana alitegemea mjomba ajitetee. Mjomba hakujitetea.

"Inawezekana ni mimi, dada," alisema. "Usiku nimewaza sana. Nadhani ni mimi."

Akachukua spana na kuanza kuifungua klachi, nati moja baada ya nyingine, bila zile hadithi zake za kawaida. Kasiana alimshikia bakuli la kuwekea nati. Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo aliona sura ya mama, akalimeza neno lake. Alijiambia kwamba Mbeya wataitengeneza, mambo yataisha yenyewe. Moyoni alijua wazi kwamba wiki moja miche haina.

Alhamisi darasani walikuwa na hesabu za sehemu. Kasiana alikunja daftari, akalikunjua, akachonga penseli mpaka ikabaki kipande. Alipotazama dirishani aliona jua limeshapanda, na kila alipotazama alihesabu saa zilizobaki kabla ya fuso. Kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia, wa kwanza kusimama alikuwa yeye, ingawa hakujua anakwenda wapi.

Aliyemfuata alikuwa Ibra, ambaye walikaa dawati moja. Mama yake Ibra, Saada, alikuwa fundi wa umeme wa magari, na gereji yake ilikuwa barabarani, dakika chache kutoka shuleni. Watu walimcheka alipoanza, mwanamke na waya za magari, lakini sasa madereva wa malori ndio waliompangia foleni. Ibra alimwambia Kasiana kwamba tangu Jumatatu anatikisa dawati mpaka mwandiko wake yeye umekuwa mbaya, na kama ana ugonjwa aseme.

"Klachi ya umeme ikiingia mafuta inapona?" Kasiana aliuliza.

Ibra alimtazama. "Mimi nitajulia wapi? Muulize mama."

Walimwomba ruhusa mwalimu wa zamu, Mwalimu Polikarp. Kasiana alisema ana jambo la nyumbani ambalo ikipita saa tano litakuwa limechelewa, na uso wake ulimshawishi mwalimu zaidi ya maneno. Waliruhusiwa, kwa sharti Ibra arudi kabla ya kipindi.

Saada alikuwa amelala chini ya lori. Alitoka akijifuta mikono, akaitikia shikamoo zao, akasikiliza. Kasiana alimweleza kila kitu kwa pumzi moja: oili, matone aliyoyafuta, majivu, lawama alizobebeshwa mjomba, fuso la kwenda Mbeya. Ajabu ni kwamba kwa mtu huyu asiye wa nyumbani maneno yalitoka kirahisi, kana kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote. Saada hakumkatisha. Alitaka kujua jambo moja tu, oili ilifikaje mle ndani wakati mwanya ule ni mwembamba namna ile, na alipotajiwa mswaki alitikisa kichwa, nusu akicheka.

Akamweleza kwa kifupi. Vitu vingi vinavyozunguka vinataka mafuta, kweli, lakini sahani za klachi ile kazi yake ni kushikana, na ili zishikane lazima ziwe kavu kabisa. Zikipata oili zinateleza hata koili ikivuta namna gani. Majivu nayo yamechanganyika na oili yakawa tope linalokwaruza. Huenda koili ni nzima, na huko Mbeya wangeifumua na kuisuka upya bila sababu.

"Basi mama Ibra, naomba uje uisafishe," Kasiana alisema. "Uwaambie tu umesikia trekta ni bovu, umekuja kuangalia. Usiseme ya mswaki."

Saada aliacha kujifuta mikono.

"Kusafisha nitasafisha, hata sasa hivi," alisema. "Ila hilo la pili siliwezi. Nikisafisha kimyakimya, mjomba wako atabaki anaamini kwamba yeye ndiye mharibifu. Na mwakani kabla ya baraka mtu mwingine atapaka mafuta palepale. Twende, nitasimama karibu yako. Kusema utasema mwenyewe."

Ibra alikimbia kurudi darasani, nao wawili wakatembea haraka kando ya lami, Saada akiwa na sanduku lake la vifaa, Kasiana akiwa hatua tatu mbele, hatua moja nyuma, hatua tatu mbele tena. Pale njia ya kitaluni inapokutana na barabara ya Njombe, mama na mjomba walikuwa wamesimama juani na boksi la kadibodi lililofungwa kamba. Fuso la Gaudensi lilikuwa limekwisha simama. Utingo alikuwa ameinama kulipokea boksi.

"Mama, lisipande," Kasiana alisema.

Mama aligeuka. Alishangaa kumwona mtoto wa shule barabarani saa hizo, na akashangaa zaidi kumwona Saada. Gaudensi alipiga honi kidogo kuwakumbusha kwamba ana safari. Kasiana alishika kamba ya boksi. Akaanza, na alipokwisha kuanza hakusimama.

"Si mjomba aliyeharibu. Ni mimi. Jumamosi nilipaka oili katikati ya klachi kwa mswaki, nikidhani nafanya vizuri. Jumatatu nikaona oili imerukia kwenye bati, nikaifuta msiione. Mjomba aliponiuliza nikasema sikupaka. Halafu nikatia majivu ndio ikaanza kulia. Haikufa kwa uzee, mama. Ni mimi."

Mjomba Sixbert alimwangalia, kisha akaliangalia boksi, akaketi juu ya jiwe la barabarani na kupangusa uso kwa viganja vyote viwili. Alipoiondoa mikono macho yalikuwa mekundu, na wote waliona amefarijika. Mama alimwambia Gaudensi aende na asante. Fuso liliondoka, vumbi likawafunika, na lilipotulia mama alikuwa bado amesimama palepale.

Alipoongea hakumtazama Kasiana kwanza. "Sixbert, nimekukosea," alimwambia mdogo wake. "Nilikusema mbele ya mtoto, na mbele ya mtoto nakuomba radhi."

Mjomba alisema yamekwisha, akabeba boksi, wakashuka wote bondeni.

Saada alitandaza gunia safi na kuifungua klachi juu yake. Ndani mlikuwa na tope la kijivu, zito, limegandamana. Alipima koili kwa mita yake na kuwaonyesha namba: koili nzima, haina tatizo. Beringi nayo ilizunguka bila mlio. Alimpa Kasiana kitambaa na petroli kidogo kwenye kopo, akamwamuru asafishe sahani zote mbili mpaka kitambaa kisitoke na weusi wowote. Kasiana alisafisha. Alibadilisha kitambaa mara tano. Kisha zikasuguliwa kwa msasa na kuanikwa juani, na wakati huo wote Kasiana aliinuka kila dakika kuangalia juu kitaluni na kurudi, akiinuka na kurudi, hadi Saada akamwambia kwamba kuinuka huko hakutazikausha sahani haraka.

Kuifunga kulikuwa na utaratibu wake. Klachi ilikuwa na nati tatu za kurekebisha mwanya, na Saada alipitisha bati jembamba la kupimia katika sehemu tatu, akikaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka mwanya ukawa sawa pande zote. Ukikazwa sana, alisema, sahani zinasuguana hata swichi ikiwa imezimwa, zinaungua. Ukiachwa mpana, sumaku haifiki. Mjomba Sixbert alifuata kila hatua kwa macho. Alikiri kwamba miaka yote hakuwahi kujua zile nati ni za nini.

Injini ikawashwa. Saada alimwambia Kasiana akae kitini na abonyeze swichi, ahesabu tano, azime, ahesabu tano, abonyeze tena, mara hamsini. Sahani zilizotoka kusuguliwa hazina budi kuzoeana kabla ya kupewa kazi nzito. Mara hamsini ni nyingi ukiwa na miche inayokufa juu ya kichwa chako. Mara ya ishirini Kasiana alitaka kulia. Alihesabu zote, bila kuruka hata moja, kisha mjomba akavalisha mkanda.

Tak. Puli ilishika papo hapo na haikuzembea. Pampu ikakoroma, bomba likatetemeka, na muda mfupi baadaye mama alipaza sauti kutoka juu kwamba maji yamefika.

Walinywesha mchana wote uliobaki. Matuta sita yalinyanyua majani kabla ya jioni. Yale mawili ya Mzee Joachim hayakunyanyua kitu. Mama alipita akikwaruza ngozi ya miche kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, akitafuta rangi ya kijani, na mara nyingi alikuta kahawia. Walisubiri hadi Ijumaa, wakarudia kukwaruza. Kati ya miche elfu moja ilipona mia moja na kitu.

Mama alimwita Kasiana wakae kwenye ukingo wa tuta la nane. Kasiana alikuwa tayari kwa adhabu yoyote, hata fimbo, na pengine fimbo ingekuwa nafuu kuliko kuiona ile miche.

"Oili haikuniudhi," mama alisema. "Kama kuna wa kulaumiwa kwa oili ni mimi, niliyekufundisha nusu. Ungesema Jumatatu, fundi angekuja Jumatatu, na hapa tungekuwa tumekaa kwenye majani mabichi. Miche hii imekufa kwa zile siku tatu ulizonyamaza. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu utakosea tena, kila mtu anakosea. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa."

Kasiana aliitikia, machozi yakimtiririka. Mama alimwachia alie kidogo. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta namba ya Mzee Joachim, akaibonyeza na kumpa.

"Anastahili kuambiwa," alisema. "Nawe ndiye unayejua yote."

Simu iliita mara mbili. Kasiana alisimama wima kama aliyeitwa mbele ya darasa. Alimwamkia mzee, akajitambulisha kuwa ni mtoto wa Leticia wa Mshangano, akamwambia kwamba miche yake imekufa, imebaki michache sana. Mzee aliuliza kama ni ugonjwa. Ingekuwa rahisi kabisa kusema ndiyo, Madaba ni mbali na hakuna ambaye angekwenda kumweleza vingine.

"Hapana, babu," Kasiana alisema. "Niliharibu mashine ya maji, nikaogopa kusema, miche ikakosa maji siku tatu. Ni mimi, mama hana kosa."

Upande wa pili wa simu alisikia kuku wa mzee wakilia na mtu akitwanga. Alipoongea, mzee alisema amehuzunika, maana mashimo alikwisha kuyachimba yote. Alisema pia kwamba tangu aanze kulima, ameletewa miche mibovu mara tatu na watu watatu, na wote walimwambia ni ugonjwa.

"Wewe ni wa kwanza kuniambia kweli kabla sijaja kuona," alisema. "Mwambie mama yako mashimo yangu yatasubiri mwakani. Sitaagiza kwingine."

Kasiana alirudisha simu na kumweleza mama neno kwa neno. Mama alifumba macho kidogo, akavuta pumzi, akainuka na kujipangusa gauni. Wakaanza kung'oa miche iliyokufa, mama upande mmoja wa tuta na Kasiana upande wa pili, wakimwaga udongo wa kila kiriba kwenye toroli ili uchanganywe upya na mbolea. Walipofika katikati ya tuta, mjomba Sixbert alishuka na gunia la kokwa za parachichi begani, akauliza wanaanzia wapi kuotesha.